Haki ya Mzee Mgonjwa na Thamani ya Dawa Yake

Shukrani zote zamrejea Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu katika unyonge, akampa nguvu za ujana, kisha akamrudisha katika unyonge na mvi. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na Sahaba zake wote.

Ama baad. Katika mambo ambayo watu wa mwambao huyaona madogo, na mbele ya sharia si madogo, ni jambo la dawa za wazee. Zamani mzee alishikwa na homa, akanywa dawa siku tatu au siku saba, akapona au akafa. Leo maradhi yaliyo mengi kwa wazee si ya namna hiyo. Presha ya damu, sukari, moyo, pumu, hukaa na mtu miaka ishirini, wala dawa yake haina siku ya kumalizika. Basi thamani ya dawa haikuwa tena kama sadaka itolewayo mara moja. Imekuwa kama posho ya unga na mafuta, yarudi kila mwezi. Na hapa ndipo watu wengi walipopotewa, kwani wangali wakiihisabu katika mambo ya kutokea, kama taa iliyovunjika, hali yapasa kuhisabiwa pamoja na chakula.

Yasimuliwa khabari ya bibi mmoja mjane katika mji wa pwani, aliyekuwa na watoto wanne, wote wenye kazi. Kila mmoja wao, alipoulizwa, alisema kwamba mama yao hapungukiwi na kitu, kwani humletea fedha Idi zote mbili na mwezi wa Ramadhani. Bibi mwenyewe alipoulizwa hali, alijibu: "Alhamdulillahi, mwanangu, sijambo." Akafa kwa kupasukiwa na mshipa wa kichwa. Watoto wakashindana katika msiba: huyu akaleta ng'ombe, huyu magunia ya mchele, na pilau ikaliwa siku tatu na watu wasiohisabika. Siku ya nne mabinti walipofungua kasha lake kugawa kanga, wakakuta ndani ya kijaluba vidonge vya presha vilivyokatwa kwa kisu, nusu nusu, vimefungwa katika karatasi, na kila karatasi imeandikwa jina la mwezi. Alikuwa akila nusu ya kile alichoandikiwa na daktari ili dawa ya mwezi mmoja imfikishe miezi miwili. Haikuwa siri kwa jirani. Ilikuwa siri kwa watoto tu, kwani jirani alimwuliza khabari zake na watoto walimwuliza hali yake.

Yapasa kwanza kuondoa shaka ya wale wasemao kwamba kujitibu ni upungufu wa kumtegemea Mungu. Imepokewa katika Sunan za Abu Daud na Tirmidhi, kwa njia ya Usama bin Sharik, ya kuwa Mabedui walimwuliza Mtume (S.A.W.) kama wajitibu, naye akawaamrisha kujitibu, akawajuza ya kuwa Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa illa ameuwekea dawa, isipokuwa ugonjwa mmoja, nao ni uzee. Watazame wenye akili neno hili. Uzee wenyewe hauna dawa, lakini Mtume hakusema kwamba maradhi yampatayo mzee hayana dawa. Watu wetu wamechanganya mawili haya. Mzee akilalamika kiu na kukojoa mara kwa mara, huambiwa, "Ni uzee huo". Macho yakiingia ukungu, ni uzee. Miguu ikifa ganzi, ni uzee. Na huenda yote matatu yakawa sukari, ambayo hupimwa kwa tone moja la damu.

Na katika Sunan ya Abu Daud pia imepokewa ya kuwa Saad bin Abi Waqqas alipougua, Mtume alikwenda kumtazama, akamwelekeza kwa Al-Harith bin Kalada wa kabila la Thaqif, kwa kuwa alikuwa tabibu. Wanazuoni wametaja ya kuwa kusilimu kwake huyo Harith hakukuthibiti, na kwa hiyo wakachukua hoja ya kufaa kutibiwa na tabibu asiye Mwislamu akiwa ni mjuzi na mwaminifu. Kwa madhehebu ya Imam Shafi'i kujitibu ni sunna. Hawakukufanya faradhi kwa kuwa kupona si yakini. Lakini Imam Baghawi amesema ya kuwa ikijulikana kwa yakini kwamba dawa itaponya, huwa ni wajibu. Na mwenye sukari ambaye mwili wake hauna tena insulini yake mwenyewe, akiiacha sindano siku chache hufa. Basi na atazame mwenyewe yuko upande gani wa mas'ala haya.

Hirizi hazitajwi hapa, zina risala yake. Ama kusomewa Qurani kwa ajili ya kuponya, ni jambo lililothibiti, na mwenye kumsomea mzazi wake amefanya wema. Lakini ni uwongo kusema kwamba aliyesomewa haruhusiwi kunywa dawa. Waganga wawaambiao wazee waache vidonge ili kombe lifanye kazi, wakachukua fedha ambazo zingenunua vidonge hivyo, hao wamejitwika dhima ya roho za watu. Aliyetibu watu hali hajui utabibu hudhamini madhara yake.

Sasa tufike kwenye kiini cha maneno: thamani ya dawa ni juu ya nani?

Mzee mwenye mali, dawa yake ni katika mali yake mwenyewe, wala haimpasi kujinyima ili awaachie warithi. Wako wazee wenye mashamba na nyumba za kupangisha, nao hulala na maumivu wakisema kwamba mali hiyo ni ya watoto. Mali ni ya warithi baada ya kufa, si kabla. Imepokewa katika Sahih Muslim ya kuwa Mtume alimwamuru mtu aanze kwa nafsi yake, kisha watu wake. Mtoto amwonaye baba yake akitaka kuuza kiwanja ili ajitibu, naye akamzuia, huyo amemzuia mtu na mali yake.

Ama mzee asiye na kitu, hukumu yake imeandikwa wazi, na ni ajabu kuwa haisomwi mimbarini. Imam Nawawi katika Minhaj amelazimisha mtoto, mwanamume au mwanamke, kumlisha mzazi wake fakiri, ijapokuwa dini zao ni mbalimbali; kwa sharti mtoto awe na kilichozidi chakula chake na cha watu wake kwa siku ile na usiku wake. Hakusema mpaka awe tajiri. Na kwa kauli yenye nguvu, mtoto awezaye kuchuma hulazimishwa achume kwa ajili hiyo, na mzazi halazimishwi kuchuma ijapokuwa aweza. Kisha akasema ya kuwa huuzwa katika nafaka hiyo vile viuzwavyo katika deni. Maana yake, mwenye viwanja vitatu hawezi kusema, "Sina fedha mkononi."

Na hapa pana mas'ala ambayo wanafunzi wa madarasa huyapita upesi. Katika mlango wa nafaka ya mke, Minhaj imesema ya kuwa mume hapaswi kumnunulia mkewe dawa za ugonjwa wala kumlipia tabibu. Watu wameihifadhi kauli hii, wakaivuta mpaka kwa wazazi. Ni kosa. Nafaka ya mke imekadiriwa, na nafaka ya mzazi ni ya kumtosheleza. Na katika kumtosheleza, Sheikh Muhammad Al-Khatib Ash-Sharbini, katika Mughnil Muhtaj ambayo ni sharhi ya Minhaj hiyo hiyo, ametaja kwa uwazi ujira wa tabibu na thamani ya dawa, pamoja na makazi, nguo, na mtumishi akihitajiwa. Basi dawa ya mama si hisani ya mtoto. Ni haki kama mkate. Na hata katika mambo ya mke, wako wanazuoni wa zama hizi, miongoni mwao Sheikh Wahba Az-Zuhayli wa Damascus aliyefariki mwaka 2015, walioona ya kuwa zamani dawa haikuwa katika haja za lazima, na leo imekuwa kama chakula au zaidi. Na mume mwema hangoji fatwa.

Lakini pana jambo jingine lililo zito kuliko yote hayo. Nafaka ya mke isipotolewa huwa ni deni, mume hudaiwa hata baada ya miaka. Nafaka ya mzazi isipotolewa kwa wakati wake hupita, wala haiwi deni, illa Kadhi akiwa amekwisha kuihukumu au ametoa ruhusa ya kukopa. Mjinga husikia haya akafurahi, akaona ameepukana. Mwenye kufahamu hutetemeka. Deni hulipwa, na aliyelipa hutoka katika dhima. Lakini kile kidonge kisichonunuliwa katika mwezi wa Rajab, hapana fedha za Shaaban ziwezazo kukilipa. Dhambi imebaki na njia ya kulipa imefungwa. Wale watoto wanne walileta ng'ombe, na ng'ombe hakuwa malipo ya kitu.

Wala karamu yenyewe haina asili. Nawawi katika Majmu' amenakili ya kuwa watu wa maiti kupika chakula na kukusanya watu ni bidaa isiyopendeza. Sunna ni jirani kuwapikia wafiwa. Yahisabuni mafedha yaliwayo katika matanga ya mtu mmoja, kisha mwulizeni mwenye duka la dawa fedha hizo zingenunua vidonge vya presha vya miaka mingapi. Jawabu lake litawatia haya. Vivyo hivyo mwenye kwenda Umra mara ya tatu, na babake ameacha dawa ya moyo kwa kukosa fedha, ameacha faradhi nyuma ya mlango wake akaenda kutafuta sunna ng'ambo ya bahari.

Watoto walio sawa kwa ukaribu hushirikiana katika kutoa, na aliye mbali hakuondokewa na wajibu kwa umbali wake. Jambo liharibulo ni kutegeana: aliye Maskati hudhani aliye Mombasa ametoa, na aliye Mombasa hudhani aliye nyumbani ametoa, na aliye nyumbani hutoa nguvu zake peke yake, akachoka, kisha akalaumiwa. Yafaa wakae, hata kwa simu, wakaihisabu dawa ya mwezi kwa majina yake na bei yake, kila mmoja akajua fungu lake na tarehe yake. Mzee asifanywe kuwa mwenye kuomba kila mwezi. Haya humzuia mtu mzima, na ndiyo yaliyomkatisha bibi yule vidonge.

Na wazee nao wana lao. Kuficha ugonjwa si subira. Imam Nawawi katika Riyadhus Salihin ameweka mlango mzima kubainisha ya kuwa yafaa mgonjwa kusema, "Naumwa," ikiwa si kwa kumchukia Mungu kwa alilokadiria. Mzee amwambiaye daktari ukweli, na akawaambia wanawe ukweli, hakutoka katika subira ya Nabii Ayyub. Na presha ya damu ina khiana yake: haiumi. Mtu hupimwa akaambiwa imepita 140 kwa 90, naye ajiona mzima, akala dawa mwezi mmoja, akaiacha kwa kuwa hajaona tofauti. Dawa hii hailiwi kwa kuondoa maumivu; huliwa kwa kuzuia kiharusi, na moyo kuchoka, na mafigo kuharibika. Asiache wala asipunguze illa kwa neno la daktari. Vidonge vingine vimetengenezwa viyeyuke polepole tumboni, na kuvikata kwa kisu huviharibu, dawa ikamwagika yote kwa mara moja.

Fedha zikiwa haba, njia si kukata vidonge bali kusema. Amwambie daktari waziwazi, "Kiasi hiki siwezi." Wako madaktari ambao hawaulizi, wakaandika tu, wakiambiwa, hupata njia. Kwani dawa moja huuzwa kwa majina mengi. Kuna jina la asli la dawa, na kuna jina la biashara alilolitia mtengenezaji. Na haki ya kuimiliki dawa mpya ikimalizika, ambayo kwa mapatano ya biashara ya dunia si chini ya miaka 20 tangu kuombwa, wengine huruhusiwa kuitengeneza, na bei ikashuka. Metformini ya sukari ilianza kutumiwa Ufaransa mwaka 1957. Amlodipini ya presha haki yake imekwisha zamani. Zote mbili zapatikana kwa bei ndogo kwa jina lake la asli, na kwa bei kubwa kwa sanduku lenye nakshi. Mwenye duka akitoa la nakshi, mzee aulize kama lipo jingine la dawa ile ile. Wala asinunue kwa mchuuzi wa njiani wala sokoni juu ya turubali, bali katika duka lililosajiliwa, na atazame tarehe. Na mara moja katika miezi kadhaa avitie vidonge vyote katika kikapu, na vya mitishamba pia, ampelekee daktari avitazame. Mara nyingi hupatikana viwili vya kazi moja vilivyoandikwa na madaktari wawili, na kimoja hutupwa.

Insulini ina kisa chake. Walioipata huko Toronto mwaka 1921, Banting na wenziwe Best na Collip, waliiuza haki yao mwaka 1923 kwa Chuo Kikuu cha mji huo kwa dola moja kila mtu, ili isiwe mali ya mtu mmoja. Hawakuwa Waislamu, na tendo lao lamtia haya Mwislamu afichaye dawa dukani akingoja bei ipande. Wazee wengine huiogopa kwa kusikia ya kuwa imetoka kwa nguruwe. Ya kwanza kwanza ilitolewa katika kongosho la ng'ombe na nguruwe, ni kweli. Lakini tangu 1982 yauzwa iliyotengenezwa kwa vijidudu mfano wa ile ya mwanadamu, na hiyo ndiyo iliyo nyingi leo. Asiye na jokofu na aiweke katika mtungi wa udongo wenye maji, chupa ikiwa imefungwa isiingie maji, kivulini penye upepo. Ubaridi wa mtungi waujua wote.

Katika chakula hapana haja ya maneno marefu. Shirika la Afya la Dunia limetaja chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, nazo ni kama kijiko kimoja kidogo cha chai, na ng'onda na achari huzimaliza kabla ya mchuzi kuonjwa. Haluwa na kahawa ya barazani vina utamu wake. Mwenye sukari anywe kahawa.

Serikali nazo zimeweka mambo ambayo wazee hawayapati kwa kukosa mtu wa kuwafuatia. Katika Tanzania bara, Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 imetaja matibabu bila malipo kwa wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Ni kweli mara nyingi huambiwa dawa haipo, wakanunue nje, lakini kadi haiji nyumbani kwa miguu yake. Zanzibar ilianzisha pensheni ya wazee wote waliotimiza miaka 70 mwezi wa Aprili 2016, kwa shilingi 20,000 kila mwezi, na baadaye ikaongezwa. Fedha hiyo ni milki ya mzee; mjukuu anayetumwa kuipokea akapunguza njiani ni mwizi, ijapokuwa huitwa mjukuu. Kenya nayo ilibadili bima yake ya zamani iliyoanzishwa 1966, na tangu tarehe 1 Oktoba 2024 kazi ni ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, na usajili hufanywa kwa simu. Mzee gani wa miaka themanini atajisajili mwenyewe kwa simu? Hii ni khidma isiyogharimu illa saa moja ya mtoto.

Na wasio na watoto? Hao ni juu ya Waislamu. Zaka yafaa kupewa fakiri mgonjwa anunue dawa, wala si lazima ingoje Ramadhani. Lakini mtu asimpe mzazi wake zaka kwa jina la ufakiri ili ajiondolee nafaka iliyompasa. Hiyo ni kulipa deni moja kwa fedha za deni jingine. Na wakfu ndio mlango uliosahauliwa. Sultani Qalawun alijenga hospitali Cairo mwaka 1284, akaiwekea wakfu wa maduka na milki, ikatibu tajiri na fakiri bila ya malipo. Mwambao huu una misikiti ambayo minazi na maduka yamewekwa wakfu kwa ajili ya taa zake na mikeka yake. Taa leo ni za umeme na mikeka imejaa. Wakfu uliowekwa kwa msikiti haugeuzwi. Lakini nani amemzuia mwenye duka kuweka duka jipya, kodi yake inunue dawa za wazee wa mtaa? Na iwe duka au shamba, si fedha taslimu, kwani kwa madhehebu yetu fedha taslimu haziwekwi wakfu.

Limebaki la saumu, kwa kuwa huulizwa kila mwaka. Mzee ambaye daktari mwaminifu amemwambia ya kuwa saumu itamdhuru, aifungue. Na kujilazimisha mpaka kuangamia ni haramu, si ucha Mungu. Ikiwa hatarajiwi kupona, hutoa mudi moja ya chakula cha mji kwa kila siku kumpa maskini, wala hana kadha. Awezaye kufunga, na akahitaji sindano ya insulini mchana, sindano ya chini ya ngozi haifunguzi, kwani haikuingia ndani kwa njia iliyo wazi. Wala kujidunga kidole kupima sukari hakufunguzi. Kidonge cha moyo kiwekwacho chini ya ulimi, Baraza la Fiqhi la Kimataifa lilikata huko Jeddah mwaka 1997 ya kuwa hakifunguzi, ikiwa mtu atajihadhari asimeze kinachofika kooni. Na sukari ikishuka, mzee akatetemeka na kutoka jasho la baridi, apewe maji ya sukari pale pale, hata ikiwa imebaki robo saa kuadhiniwa Magharibi, wala asiangaliwe kwa jicho la lawama na aliyeketi naye.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.